Kuku mgeni hakosi kamba mguuni

WAHENGA walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii niliijua tangu nikiwa shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi na kupata alama za bure. Lakini maana yake kamili sikuijua mpaka mwaka jana, mwezi wa Agosti, pale nyumbani kwetu Masinga. Na kuijua huko kuligharimu uhai wa kuku mmoja na nusura kugharimu amani ya nyumba nzima.

Mpenzi msomaji, Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya kuku wakali, wale wanaowashambulia wenzao wapya pindi wanapotiwa katika kibanda kimoja. Ni jambo linalowasumbua wengi. Kuna wanaofuga kuku watano nyuma ya nyumba hapa jijini, na kuna wanaowanunulia wazazi wao mitetea sokoni na kuwapeleka mashambani wakidhani wamemaliza kazi. Badala ya kuanza na maagizo, nitaanza na makosa yangu mwenyewe.

Shemeji yangu, mke wa kakangu, alikuwa akiishi Thika pamoja na watoto wake wawili. Nyuma ya nyumba aliyopanga alifuga mitetea 10, na mayai ya kuku hao ndiyo yaliyonunua madaftari na kulipa nauli ya watoto. Kazi ya kakangu ilipokwisha, ikaamuliwa kwamba shemeji na watoto warudi Masinga kwa muda, naye kaka abaki mjini akitafuta kazi nyingine. Kuku hawangeweza kuachwa. Kwa vile nina kijigari, nikajitolea kuwasafirisha.

Tuliondoka Thika Jumamosi asubuhi, tukapita Matuu, na kufika nyumbani saa saba mchana, jua likiwa la utosi. Wengi hulisikia jina la Masinga kwa ajili ya lile bwawa la mto Tana lililokamilika mwaka 1981, nao hudhani kwamba huko maji ni tele kila mahali. Bwawa lipo, lakini kwetu maji huja kwa mgongo wa punda, na mwezi wa Agosti ardhi ni vumbi tupu. Mamangu, ambaye sisi Wakamba humwita Mwaitu, ana mitetea 14 na jogoo mmoja. Wote hao walikuwa wakinywa katika sufuria moja kuukuu iliyowekwa chini ya mwembe.

Basi nikayaweka matenga palepale kando ya sufuria, nikayafungua na kuwamwaga wageni ili wanywe maji. Nilijiona mtu mwema sana.

Hazikupita dakika mbili. Kiongozi wa kuku wa Mwaitu ni mtetea mmoja mnene mwenye shingo isiyo na manyoya, ambaye watoto wamembandika jina la Chifu. Chifu alimrukia mgeni wa kwanza mgongoni akamdonoa kichwani mpaka damu ikatoka. Wenzake walipoiona damu, nao wakaingia vitani. Mwaitu akaja na mwiko, mimi na fimbo, watoto na mayowe. Tukiwaamua huku, wanapigana kule. Jioni tuliwafungia wote katika kibanda kimoja, nami nikajiambia kwamba usiku wangezoeana.

Jumapili asubuhi mtetea mmoja mweusi wa shemeji alikuwa amekufa pembeni mwa kibanda. Mwingine alikuwa ametobolewa jicho.

Mwaitu aliutazama mzoga, akatikisa kichwa na kusema, "Hawa si kuku wa hapa."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini shemeji alikuwa amesimama mlangoni kando ya begi la nguo ambalo hakuwa amelifungua, naye hakusikia habari za kuku. Alisikia habari zake mwenyewe. Alinyamaza, akalisukuma begi lile nyuma ya mlango na kuliacha vilevile. Nilipoondoka alasiri kurudi Nairobi, kila mmoja alikuwa akipika kwenye meko yake.

Swali la kwanza

Usiku ule nilimpigia simu afisa wa mifugo ninayemfahamu huko. Nilidhani ataniuliza juu ya vita. Hakuuliza. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hao wageni wamechanjwa kideri?"

Sikujua. Akaniambia kwamba mdomo wa Chifu ungeweza kuua kuku mmoja au wawili, lakini kideri kikiingia, kingemaliza wageni na wenyeji pamoja, kwani ugonjwa huo hauna tiba. Kuku aliyeambukizwa aweza kukaa siku kadhaa, hata juma zima na zaidi, akionekana mzima ilhali anaeneza maradhi. Ndiyo sababu kuku wa sokoni au wa safari hawatiwi bandani siku ile ile, hata wakipendwa na kila kuku wa nyumbani.

Hii ndiyo kamba ya mguuni waliyoisema wahenga. Zamani mgeni alifungwa ili asipotee. Leo twaweza kusema anafungwa ili apewe muda. Atengwe kwa majuma 3 angalau, na 4 ni bora zaidi, mahali pa mbali kidogo na wenyeji, akiwa na vyombo vyake mwenyewe. Ukiwalisha, anza na wa zamani halafu umalizie na wageni, kisha unawe mikono na usafishe viatu. Wachunguze macho, pua, kinyesi na chawa. Kama hawajachanjwa, mwulize afisa wa mifugo, na usimchanje kuku aliyekwisha kuonyesha dalili za ugonjwa. Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi michache.

Kwetu tulikuwa tayari tumewachanganya. Hata hivyo afisa alisema watengwe mara moja, maana kuchelewa ni afadhali kuliko kutofanya kabisa. Wale 9 waliosalia wakahamishiwa katika jiko la zamani lisilotumika. Mwenye jicho bovu alioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akapakwa dawa ya vidonda iliyonunuliwa katika duka la dawa za mifugo na kuwekwa peke yake mpaka kidonda kikakauka. Kuku huvutwa na rangi nyekundu. Ukimrudisha mwenye kidonda kibichi miongoni mwa wenzake, umemrudisha machinjioni.

Kwa nini wanapigana

Watu wengi humwona kuku mkali kuwa ana roho mbaya. Sivyo. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwatazama kuku tangu utotoni, na mnamo mwaka 1922 akachapisha maelezo ambayo wataalamu huyarejelea hadi leo. Aligundua kwamba kuku wa boma moja wana ngazi. Wa juu humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, na kadhalika mpaka yule wa mwisho ambaye hudonolewa na wote na hana wa kumdonoa. Kila mmoja huzijua sura za wenzake, hasa kichwa na ule undu mwekundu, na hujua nani wa kumpisha na nani wa kumfukuza.

Ngazi hiyo, ijapokuwa yaonekana ya kikatili, ndiyo inayoleta amani. Mambo yakiisha kuamuliwa, kuku hutishana kwa kuinua kichwa tu na mwenzake hupisha. Vita huzuka pale mgeni anapoingia, maana hana ngazi. Hesabu mwenyewe. Kila mmoja wa wale 14 wa Mwaitu alipaswa kupimana nguvu na kila mmoja wa wale 10 wa shemeji. Hayo ni mashauri mapya 140 yaliyotakiwa kuamuliwa adhuhuri moja, kando ya sufuria moja ya maji, na wageni wakiwa wametoka safari na kiu. Mwanafunzi aliyewahi kuhamia shule ya bweni katikati ya muhula atanielewa.

Kutokana na hayo twapata mafunzo mawili. La kwanza, usimwingize kuku mmoja peke yake, kwa sababu kila mdomo utamwelekea yeye. Afadhali wawe watatu au zaidi, wanaojuana na wanaolingana kwa umri na ukubwa. La pili, kuku aliyetolewa kundini kwa majuma mawili au matatu aweza kupokewa kama mgeni atakaporudi, hata kama alizaliwa pale pale.

Hatua kwa hatua

Baada ya majuma 4 ya kutengwa, wageni wetu wote walikuwa wazima. Ndipo ikaanza hatua ya kuonana bila kugusana. Fundi aligawa kibanda kwa wavu wa waya. Wenyeji upande mmoja, wageni upande wa pili, na vyombo vya chakula vikawekwa karibu na wavu pande zote mbili ili wale wakitazamana. Siku za kwanza Chifu alikuwa akiupiga wavu kwa mdomo mpaka anachoka. Kufikia siku ya kumi alikuwa akila na kuwapa mgongo. Hiyo ni dalili njema. Mpe kuku juma moja hadi mawili ya namna hii, wala usihesabu siku tu, tazama tabia.

Wakati huo tengeneza mahali watakapokutania. Chombo kimoja cha chakula humpa mchokozi kazi rahisi ya ulinzi. Vikiwa vitatu, vimewekwa mbali mbali, hawezi kuvilinda vyote. Maji ni vivyo hivyo, na katika nchi kavu kama Masinga ni muhimu hata zaidi. Ile sufuria ya chini ya mwembe sasa ina wenzake wawili. Weka pia vizuizi ambavyo anayefukuzwa aweza kujificha nyuma yake: tenga lililopinduliwa, kipande cha bati kilichoegemezwa, matawi makavu. Lakini pasiwe na pembe ambayo mtu, yaani kuku, anabanwa bila njia ya kutokea. Fito za kulalia ziwe nyingi za kuwatosha wote.

Nafasi nayo ni dawa. Wanaofuga hapa mjini katika vibanda vidogo wasisahau hili: kuku 4 hivi kwa kila mita moja ya mraba ndiyo kadiri inayofaa kwa kuku wakubwa wa kienyeji. Kama kibanda chako kimekwisha kujaa, usiongeze kuku. Panua kibanda kwanza.

Siku ya kuwachanganya isiwe mchana wa jua kali kama nilivyofanya mimi. Wafungulie wote uwanjani alasiri, saa moja hivi kabla ya kuingia kulala, penye nafasi ya kukimbia. Watupie majani ya sukuma wiki au nafaka kidogo huku na huku, ili midomo iwe na kazi nyingine. Giza likiingia, watalala. Alfajiri uwepo wewe mwenyewe kuwafungulia. Wengine huwaingiza wageni kwenye fito usiku wa manane wenyeji wakiwa usingizini. Njia hiyo husaidia, lakini haitoshi peke yake, na asiyeamka mapema siku inayofuata asiijaribu.

Mtadonolewa tu. Mdono mmoja, mgeni akakimbia na mwenyeji asimfuate, ni mazungumzo ya kawaida. Usiingilie, kwa maana ukiwaamua kila mara, shauri haliishi. Ingilia ukiona damu, ukiona mmoja amelaliwa na kuendelea kupigwa, wawili au watatu wakimwandama mmoja, au mgeni anayekaa pembeni kutwa nzima bila kula wala kunywa.

Usimtoe anayeonewa

Sasa tufike kwa Chifu. Siku ya kuwachanganya, kuku 13 wa Mwaitu walitulia baada ya purukushani kidogo. Chifu alikataa. Aliwapita wageni wote akamwandama yule yule mwenye jicho moja.

Nilipopigiwa simu, shauri langu lilikuwa kama la watu wengi: mtoeni huyo chongo. Afisa alinikanya. Ukimtoa anayeonewa, mchokozi anabaki kitini na mwenye kuonewa anazidi kuwa mgeni. Mtoe mchokozi. Chifu alikamatwa usiku, akafungiwa peke yake nyuma ya nyumba asikoweza kuwaona wenzake, akiwa na chakula na maji ya kutosha, kwa siku 4. Huko nyuma, wengine wakaamua mambo yao bila yeye. Aliporudi alikuta kiti chake kimekaliwa na mtetea mwingine wa Mwaitu, tena mpole kwa wageni, na ikambidi yeye aanze kujitafutia nafasi. Kuna kuku ambao huhitaji kutengwa mara mbili. Kuna wachache sana wasiosikia hata hivyo, na hao dawa yao ni soko au sufuria.

Kumpiga kuku kwa mwiko hakumfundishi neno. Nako kumkata mdomo, kama wafanyavyo baadhi ya wenye kuku wa mayai wa kufungiwa, hakumfai kuku wa kienyeji anayejitafutia wadudu na mbegu. Utakuwa umemnyang'anya kijiko chake.

Aidha, yafaa kutofautisha vita vya ngazi na maradhi ya kung'oana manyoya. Ikiwa kuku waliokaa pamoja kwa miezi mingi wameanza kula manyoya ya wenzao na kuwadonoa nyuma, usitafute mgeni wa kumlaumu. Tazama chakula, maana upungufu wa protini au chumvi huleta tabia hiyo. Tazama msongamano, joto, mwanga mkali kupita kiasi na chawa.

Neno juu ya vifaranga na majogoo. Vifaranga walionunuliwa wasichanganywe na kuku wakubwa mpaka wakaribiane nao kwa kimo, kwa kawaida baada ya miezi mitatu au minne. Koo aliye na vifaranga vyake asiletewe mgeni, kwani ukali wake ni haki yake. Jogoo mmoja mtulivu kwa mitetea 10 hivi husaidia kupunguza ugomvi. Lakini majogoo wawili wageni wakiwekwa kwenye boma dogo wataumizana. Hata serikali ilipoanza mpango wa kuboresha kuku wa vijijini katika miaka ya 1970, ilikuwa ni kubadilishana: jogoo mpya aingie, wa zamani atoke.

Oktoba

Nilirudi Masinga mwezi wa Oktoba, mvua zikisubiriwa. Kuku 23 walikuwa wakichakura pamoja chini ya mwembe, pamoja na jogoo wao. Mwenye jicho moja alikuwa akinywa kwenye sufuria ya tatu, ile ya mbali. Bado yumo ngazi za chini, lakini anataga.

Nilimwuliza Mwaitu waliwezaje, kwa maana kazi ile ya majuma saba si ndogo. Akanieleza kwamba kila asubuhi, akimaliza kuwalisha wake, ilimbidi aende mpaka jiko la zamani kuwalisha wa shemeji, kama alivyoagiza afisa. Huko alimkuta shemeji akifagia. Wakawa wanazungumza. Mayai ya kuku wote yanawekwa katika kikapu kimoja na kuuzwa siku ya soko, na fedha za madaftari hutoka humo.

"Lakini ulisema si kuku wa hapa," nikamchokoza.

"Nilisema siku ile," akajibu. "Wewe ndiwe uliyewamwaga kama mahindi."

Sikuwa na la kujitetea. Niliingia ndani kuweka mzigo wangu wa unga na sukari. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Lile begi lilikuwa juu ya kabati, tupu, limekunjwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kuku anayekula mayai yake mwenyewe na namna ya kumwachisha. Mpaka hapo, nawatakia Jumapili njema.